Mtungi Uliolia Kando ya Mama

Nilikuwa bado nina mapengo mawili ya mbele mama alipougua homa. Tuliishi pwani ya Ziwa Nyasa, upande wa Matema, enzi za Mwingereza, na baba alikuwa mbali, machimboni Lupa. Nyumbani tulibaki mimi, mama na bibi, mfinyanzi kama wanawake wengi wa Kikisi.

Kando ya kitanda cha mama palikuwa na mtungi mdogo wa maji ya kunywa. Ulitoka jasho mchana kutwa, matone yakidondoka sakafuni. Siku ya tatu jirani yetu alikuja kumjulia hali mgonjwa. Akautazama mtungi, kisha akaninong'oneza mlangoni.

"Mtungi ukilia kwa mgonjwa, mwanangu, unamlilia yeye."

Niliogopa sana. Lakini kwa akili yangu jambo lilikuwa rahisi: mtungi ukinyamaza, mama atapona.

Bibi alikuwa amekwenda kuchimba udongo. Mtoto wa nyumba ya wafinyanzi hakosi ujanja. Nilijua chungu cha mchuzi hupashwa moto kikapakwa mawese ili kisivuje. Basi nikaumwaga mtungi, nikaupasha juu ya makaa, nikaupaka mawese ndani na nje, nikaujaza maji mapya ya ziwa. Hadi adhuhuri ulikuwa mkavu kabisa. Nikajiona mganga.

Mama aliyaonja maji yale akayatema. "Yana moto," alisema, akageukia ukutani. Hakunywa tena, na midomo yake ikaanza kupasuka.

Bibi aliporudi alitia mkono mtungini. "Nani ameuziba?"

Nilimweleza huku nalia, nikingoja kofi. Halikuja. Alichukua mtungi mpya aliouandaa kwa ajili ya gulio, akaujaza, akauweka mlangoni panapopita upepo wa ziwa.

"Mtungi usiolia haupozi maji, mjukuu wangu. Unalia ili sisi tusilie."

Alasiri ukaanza kutoka jasho. Maji yakapoa, mama akanywa kata moja, kisha ya pili, bibi akimkanda kwa kitambaa kilicholoweshwa. Jua likielekea kuzama, niliona matone kwenye paji la uso wa mama, nikapiga yowe.

"Bibi, na mama analia!"

Bibi alimgusa shavu, akacheka mpaka akakaa chini. "Ndaga, Mungu wetu, asante! Mwache atoke jasho. Homa inaondoka nalo."

Kesho yake mama aliomba ndizi.

Miaka baadaye mwalimu alitufundisha kwamba maji yakigeuka mvuke huondoka na joto, na kwamba mtungi na mwili wa mtu hupoa kwa njia hiyo hiyo. Nilifurahi, ila sikushangaa. Hata jirani yetu simlaumu. Ishara aliiona, akaisoma kichwa chini miguu juu.

Leo wanangu wameninunulia jokofu, lakini mtungi ungali sebuleni. Wajukuu wakilalamika kwamba unalowesha sakafu, nawaambia wauache ulie. Nilinyamazisha mtungi siku moja tu, nusura nimnyamazishe mama.