Maji ya Fedha kwa Mguu wa Mama

Kaka yangu mkubwa alifika kwangu mjini Mbunya bila ng'ombe hata mmoja. Wote walichukuliwa na watu wenye silaha huko kwake Djugu, nyumba ikachomwa, akabaki na fimbo ya kuchungia na simu. Watu walisema amani imerudi, ila kila nyumba ilikuwa na furushi lililofungwa tayari nyuma ya mlango. Laiti wangechukua simu wakaacha ng'ombe!

Ndani ya simu hiyo kulikuwa na video ya mtu anayetengeneza maji ya fedha. Unatumbukiza vipande viwili vya madini ya fedha katika maji safi, unaviunganisha na betri kwa waya, unangoja, kisha unakunywa na kupona kila ugonjwa. Basi kaka akapata kazi. Alichomoa betri ya pikipiki yangu, ile ninayoendea sokoni. Alichukua chupa yangu ya mawese, wala hakuiosha vizuri. Na mama yetu, niliyekuwa nikiishi naye, bila hata kuombwa mara mbili, akavua bangili yake ya harusi, ya fedha halisi, akampa aikate kwa msumeno. Nilipiga kelele. Nani alinisikia?

Maji ya mvua hayakupitisha umeme haraka, akatia chumvi. Yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele.

"Iko nguvu sana," alisema, ameridhika.

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda mguuni. Hospitali walitaka aende kila mara kuoshwa. Aliacha kwenda. Badala yake, asubuhi kaka alimshika taya, akamwinua kichwa, akamnywesha kwa chupa, vilevile alivyokuwa akiwanywesha ndama dawa ya minyoo. Kipimo alikikisia kwa kumtazama ubavuni. Mama alimeza yote, akakunja uso, akamshukuru kwa jina la kumdekeza mwana, "Merci, papa." Mimi nilitamani kuivunja ile chupa ukutani.

Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamfuata mama jikoni.

"Mama, ile maji haiko dawa. Mguu inanuka. Twende hopitali."

"Ninajua."

"Unajua, na unakunywa?"

"Ngombe zake zote zilikwisha," alisema. "Sasa mie njo ngombe yenye alibakia nayo. Nikikataa, atachunga nini?"

Jamani! Mguu unaoza ili mwanaume mzima asihuzunike! Nilitoka nje nikafua nguo ambazo hazikuwa chafu, kwa hasira tu.

Hapo nikatambua kwamba kaka hajawahi kuuona mguu wenyewe. Kwetu mtoto wa kiume hamfunui mama yake. Vitambaa nilivifunga mimi, mlango umefungwa. Alikuwa anatibu kitu asichokijua. Nikamwita chumbani, nikafungua kitambaa kabla hajapata nafasi ya kugeuka. Mama alijifunika uso kwa kitenge kwa aibu.

"Yaya, angalia," nilimwambia kaka. "Weye unajua ngombe. Kama hii iko ngombe yako, ungefanya nini?"

Aliinama, akanusa. Vidole viwili vilikuwa vyeusi.

"Tungemuchinja," alisema kwa sauti ndogo.

Hakungoja neno jingine. Alimbeba mama mgongoni, bila viatu, mpaka barabarani kutafuta pikipiki ya kukodi, maana yangu ilisimama uani bila betri. Mimi nilikimbia nyuma na beseni, kanga na chupa ya chai, nikimtukana kaka njia nzima.

Daktari alikata vile vidole viwili. Mguu ukabaki; tungechelewa kidogo zaidi, alisema, angekata mpaka gotini. Mama alipozinduka, muuguzi alimuuliza ni nani aliyemleta. Nilikuwa karibu naye, nimeshika beseni la matapishi yake, mgongo unaniuma.

Mama alinyoosha mkono kumwelekea kaka, aliyekuwa amesimama mlangoni akiogopa kuingia.

"Ule mutoto yangu pale," alisema. "Yeye njo aliniponyesha."