Moja ya Kupitisha Fomu

Kazini walimwita Bi Jedwali, kwa sababu hata ukimuuliza ameamkaje angetaka kukuchorea safu na mistari. Kwa miezi mitatu hakuinua kichwa. Kanuni za kupanga kemikali za viwandani zinazoagizwa kutoka nje zilikuwa zimebadilika. Zamani kila kemikali ilikuwa na kundi lake, basi. Sasa kundi lilitegemea pia ukali wake, yaani katika kila mia, kemikali ni ngapi na maji ni mangapi. Programu ya ghala ilikuwa mikononi mwake, na ndiyo iliyoamua pipa lipi likae karibu na lipi. Jumatatu saa mbili asubuhi toleo jipya lilianza kazi. Saa tatu bosi alipita akampongeza.

Mtunza ghala alikuwa kaka wa Bi Jedwali, wa tumbo moja. Huyo alijigamba kwa kila dereva wa lori kwamba kompyuta yao imetengenezwa na mdogo wake, na ikisema pipa likae hapa, yeye haulizi tena.

Saa nne Bi Jedwali alifungua orodha ya mapipa yaliyopokelewa asubuhi ile, si kwa kutafuta kosa, bali kwa kujifurahisha. Safu ya ukali ilikuwa na moja, moja, moja hadi chini. Mapipa arobaini ya dawa ya kupaushia vitambaa, moja katika mia! Hayo ni maji ya kuoshea kidonda, na hakuna kiwanda kinachoyaagiza kwa kontena.

Akakumbuka. Miaka tisa nyuma kisanduku cha ukali hakikuwa na kazi yoyote, ila fomu ilikataa kuendelea kikiwa kitupu. Makarani walilalamika. Kurekebisha kungemchukua nusu saa, naye akawaambia waandike moja tu, ipite. Karani akamrithisha karani, mpaka ile moja ikawa kama sala ya kuanzia kazi. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Sasa programu ilikuwa imeisoma moja na kuiamini. Mapipa yakawekwa kundi salama, yakapewa safu ya sita ghalani, ubavuni mwa mapipa ya tina, ile ya kuyeyushia rangi. Dawa ile ikiwa kali, ikavujia kitu kinachowaka, moto hauhitaji kiberiti.

Alipiga simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Kaka alipokea akicheka, foklifti ya kunyanyulia mapipa ikinguruma nyuma yake. Alipoambiwa asimamishe kila kitu, alimtania kwamba wasomi huanza kuogopa kazi yao ikishakamilika.

"Kompyuta imetoa kijani, mdogo wangu. Umeitengeneza wewe. Sasa nimwamini nani?"

"Usiniamini mimi," alisema. "Nimekosea, kaka. Nenda kasome pipa lenyewe."

Foklifti ilizimwa. Akasikia nyayo, kisha kaka akisoma polepole: sitini katika mia. Hakuaga. Alianza kuwaamuru watu watoke, na simu ikakatika.

Dakika ishirini Bi Jedwali alikaa na simu mapajani. Aliogopa kama hajawahi kuogopa, na aliona aibu kuliko alivyoogopa. Hatimaye kaka alipiga. Mapipa kumi na moja yalikuwa yameshapangwa, la mwisho limelowa kifunikoni. Yote yako nje sasa, na sakafu inamwagiwa maji. Hakuna aliyeumia.

Siku hiyohiyo alibadilisha fomu isipokee tarakimu yoyote ya ukali bila picha ya lebo ya pipa. Wiki haikuisha kabla lawama hazijaanza, na wa kwanza kupiga alikuwa kaka. Lebo imejaa vumbi, picha haionekani, dereva anapiga honi getini.

"Mdogo wangu, kweli hakuna namna ya kuipitisha tu?"

Jibu la miaka tisa iliyopita lilimfika mpaka ncha ya ulimi. Akalimeza.

"Namna ipo, kaka," alisema. "Chukua kitambaa, futa lebo."