Punje ya Mia Nne

Pale kituo cha utafiti, mhesabu mbegu walimwita Mama Punje, na kwenye kazi hakuwa na mzaha na mtu. Maharage aliyoyahesabu yalibadilishwa vinasaba ili yawe na madini ya chuma kwa wingi. Yalikuwa bado hayajaruhusiwa kuliwa, kwa hiyo hata punje moja haikutakiwa kuvuka mlango.

Siku hiyo alihesabu mara tatu. Mia tatu tisini na tisa, badala ya mia nne.

"Hatoki mtu humu," alisema, akafunga mlango kwa ufunguo.

Alipekua mifuko ya makoti, akakung'uta viatu vya kila mtu, kisha akamgeukia mtafiti mkuu, aliyekuwa rika la mwanawe wa mwisho, akamwamuru avue soksi.

"Mama, isipoonekana hiyo, mradi wa miaka tisa unafungwa," kijana alisema, jasho likimtoka.

"Ndiyo maana nakwambia, vua na ya kushoto."

Soksi ikavuliwa. Hamkuwa na kitu. Mama Punje akashika kiuno, akapitisha ulimi kwenye meno kama kawaida yake akikasirika. Kwenye gego la nyuma ulimi ukagusa kitu laini. Ganda.

Kwa miaka ishirini, kabla ya maharage haya kuletwa, alipima ukavu wa mbegu kwa njia moja tu: kuing'ata.

"Vaa soksi zako, mwanangu," alisema taratibu. "Imepatikana."

"Iko wapi?"

Mama Punje akafungua kinywa.