Baba Alikataa Kisu Mpaka Aone Kuta za Cusco

Daktari wa macho mjini Machakos alituambia mambo mawili, na Baba akasikia moja tu. Daktari alisema presha ya macho imeshaliua jicho la kushoto, na kwamba la kulia likipasuliwa mapema, huenda likabaki na mwanga wake. Baba alisikia "huenda." Tangu siku hiyo akakataa kisu. Ndugu zangu walisema ni kichwa ngumu, nami nikaitikia, maana ndivyo tulivyomjua.

Baba ni fundi wa mawe. Alichonga mawe ya Mlolongo tangu ujana wake, wakati machimbo yalipokuwa porini na nyumba za kupanga hazijaota. Mimi ninaishi katika mojawapo ya nyumba hizo sasa, na ninafanya kazi kwenye kiwanda cha nguo cha EPZ, Athi River, ninasimamia washonaji wa suruali. Yeye alirudi zamani nyumbani Katangi. Hapo ndipo kaka yangu alipomwonyesha kwenye simu video ya kuta za Wainka, wenyeji wa kale wa mji wa Cusco, nchini Peru: mawe makubwa yamebanana bila saruji hata kidogo. Baba aliisogeza simu mpaka ikagusa pua. Aliirudia ile video siku nzima, kisha akatoa hukumu.

"Mnipeleke nione hii kitu. Nikishaiona, mnipeleke kwa huyo daktari. Kabla ya hapo, hapana."

Tulibembeleza, tukatuma mchungaji, tukatuma shangazi. Jicho likazidi kufifia huku tukibishana. Mwishowe nikaomba likizo kazini.

Siku ya soko Katangi, Baba aliuza fahali wake. Mnunuzi alikuwa Haji, mfanyabiashara wa mifugo ambaye tumemjua miaka mingi. Alipoelezwa safari yenyewe aliiachia kamba ya ng'ombe.

"Mzee, wallahi, unauza dume hii ukaangalie mawe? Mlolongo si imejaa mawe?"

"Ya Mlolongo nimeyamaliza," Baba akasema.

Haji alicheka, lakini alimwombea safari njema na kumshika mkono mpaka kwenye lango la soko, kwa sababu Baba alikuwa ameanza kukanyaga ovyo. Ndugu zangu waliongezea kilichopungua. Nilitafuta ziara ya kuta za Cusco ya bei ya chini kabisa niliyoweza kupata, ile ya nusu siku, watalii wengi kwenye basi moja na kiongozi mmoja.

Njiani tulipanda ndege tatu. Baba alisali kabla ya kila moja, na chakula chote alichopewa alikila, pamoja na changu. Lima, mji mkuu wa Peru, tuliiona kwa ukungu tu. Kufika Cusco, tulipotoka mlangoni mwa uwanja wa ndege, ndipo nilipogundua kwamba hewa ya huko ni haba. Mji uko juu mara mbili ya Machakos. Mimi nilishika ukuta. Baba akanicheka.

"Sisi tumezaliwa kwa vilima, Mwaitu. Hii ni milima ya Iveti tu."

Huniita Mwaitu, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. Kwetu mtoto wa jina hilo huheshimiwa, ila hasikilizwi zaidi ya wengine.

Kwenye nyumba ya wageni mwenyeji alituletea chai ya majani ya koka, dawa yao ya kizunguzungu cha milimani. Baba aliuliza ni majani gani. Nilipomwambia kwamba watu wa huko huyatafuna pia, alikisukuma kikombe mbali. Yeye ni mzee wa kanisa, na kanisa letu limepigana na muguka, majani ya kwetu ya kulevya, tangu yalipoanza kuwaharibu vijana wa Katangi.

"Nivuke bahari nije kuwa mtu wa kutafuna majani? Hapana. Ulizia maji ya moto."

Nilimwambia ni chai tu, tena kila mtu pale ukumbini alikuwa anainywa, hata bibi mmoja mwenye rozari shingoni. Hakubadili neno. Usiku kichwa kilimpasuka kwa maumivu, nami nikalala kwa vipande nikisikiliza pumzi zake. Nilimkasirikia sana. Pia niliogopa, maana nilikuwa nimemleta mzee wa umri ule mbali kiasi kile kwa ajili ya mawe.

Kesho yake mchana basi lilituchukua kwenye uwanja mkuu. Kiongozi wetu alikuwa mwanamke wa makamo aliyeitwa Nélida, mfupi, mwenye kofia ya ukingo mpana na sauti ya mwalimu wa zamu. Alisema kila kitu kwa Kihispania, kisha kwa Kiingereza, nami nikakigeuza Kiswahili kwa Baba, hivyo maelezo yalimfikia sisi tukiwa tumeshahama.

Kituo cha kwanza kilikuwa Koricancha, lililokuwa hekalu la jua. Wahispania walijenga kanisa juu yake, na kuta za Wainka zimebaki ndani, nyeusi, zimelainishwa vizuri ajabu. Mimi ni mtu wa mshono. Kazi yangu ni kutazama pale kitambaa kinapokutana na kitambaa, na nakiri sijawahi kuona kitu kilichounganishwa namna ile. Lakini kulikuwa na kamba. Watalii walisimama upande huu na ukuta upande ule, na kwa jicho la Baba umbali huo ulikuwa sawa na kutoka hapa hadi Kitui.

"Unaona?" nikamuuliza.

"Naona weusi."

Kabla sijapata mtu wa kumwomba ruhusa Baba asogee karibu, Nélida aliinua bendera yake ndogo na tukaondoka. Kituo kilichofuata hakikuwa cha Wainka. Kilikuwa duka la sweta, na huko, ajabu, hapakuwa na haraka. Tulikaa kuliko tulivyokaa hekaluni. Niligeuza sweta moja ndani nje, nikaona nyuzi zinaning'inia, nikairudisha. Muuzaji alinitazama vibaya na mimi nikamtazama vibaya.

Saksaywaman iko juu ya mji, mlimani. Ni kuta ndefu za mawe, mengine makubwa kuliko chumba changu cha Mlolongo, yamepangwa zigizaga na kukumbatiana kona kwa kona. Jua lilikuwa kali na lilimwagika moja kwa moja usoni mwa Baba. Alikuwa akihema. Nilimshika mkono tukasogea mpaka alipoweza kutambua kwamba mbele yake kuna jiwe.

Sasa, fundi wa kwetu haliamini jiwe kwa kulitazama. Hulimwagia maji aone linavyoyanywa, kisha hulibisha kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Jiwe bovu hunywa haraka na sauti yake huwa imekufa. Baba aliuachia mkono wangu. Alifungua chupa yake, akajaza maji kinywani, akainama chini ya kamba na kuupulizia ukuta wa Wainka mbele ya watu wote.

Filimbi ililia. Mlinzi alikuja mbio akipiga kelele kwa Kihispania. Watalii wawili walitoa simu wakaanza kurekodi. Nilitamani ardhi ipasuke. Baba yeye alikuwa ameshaweka sikio kwenye jiwe, akibisha, na ilibidi nimvute kwa koti.

Nélida alifika akasimama katikati yetu na mlinzi. "Mwambie ahesabu hii kuwa onyo," akanieleza baada ya kumtuliza yule mtu. "Mkono mmoja hauharibu kitu, lakini hapa wanakuja watu wengi kila siku. Kwa nini ametema maji?"

Nikamweleza yote: kazi yake, macho yake, daktari, ahadi. Niliongea kwa hasira na aibu, na nadhani nililia kidogo. Nélida alimtazama Baba, ambaye alikuwa ameketi kwenye nyasi akitafuta pumzi.

"Amesema nini kuhusu jiwe?" akauliza.

Nikamuuliza Baba. "Sikusikia," akanijibu. "Huyo na filimbi yake. Na jua imenifunga macho. Sikuona kitu, Mwaitu. Kivuli tu."

Vituo vilivyobaki hakushuka kwenye basi. Nilikaa naye nikitazama wenzetu wakipiga picha za chemchemi na mapango. Tulikuwa tumeuza fahali, tumevuka dunia, na ndege ya kurudi ilikuwa kesho mchana. Baba hakuwa ameona ukuta, na ahadi yake ilikuwa wazi. Namjua. Nilianza kupanga nitakavyowaambia ndugu zangu kwamba hatapasuliwa.

Jioni, basi liliporudi mjini na watu kushuka, Nélida alinishika kiwiko. "Kesho asubuhi sina watalii," akasema. "Nije niwachukue?"

Asubuhi hiyo tulitembea polepole katika vichochoro vya mawe. Cusco ina jambo ambalo ziara ya nusu siku haikutuonyesha: kuta za Wainka ziko hata katika majumba ya watu. Juu ni tofali na plasta, chini ni mawe yao. Nélida alitupeleka kwenye duka la mikate la shangazi yake, Mama Justina, mwanamke mnene mwenye kucheka haraka na mikono myeupe kwa unga. Baba alivua kofia akamsalimia kwa Kikamba. Mama Justina akajibu kwa Kikechua, lugha ya kwao. Wakatikisana mikono kwa muda mrefu, wameridhika kabisa.

Chumba cha nyuma kilikuwa ghala la unga. Hakina dirisha, kina taa moja tu, na hapo hapakuwa na jua la kumfunga mtu macho. Nélida na mimi tulisogeza magunia. Nyuma yake ukatokea ukuta kutoka sakafuni mpaka kifuani, wa mawe meusi, na hapakuwa na kamba. Mama Justina, ambaye alikuwa ameshasimuliwa habari za jana, akatoka na kurudi na kikombe cha maji, akampa Baba huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Baba alilowesha, akasubiri, akabisha, akasikiliza. Kisha akaweka viganja vyote viwili juu ya mawe na kuanza kutembea nayo, jiwe kwa jiwe, uso wake karibu kuugusa ukuta. Vumbi la unga lilikuwa limetanda juu ya mawe hayo miaka nenda rudi, lakini kwenye viungo halikuwa limeingia, kwa kuwa hapakuwa na pa kuingia. Mahali pamoja, karibu na pembe, vidole vyake vilisimama. Vikarudi nyuma, vikazunguka.

"Mwaitu, kuja uone. Huyu alikosea."

Niliinama. Kati ya mawe mawili makubwa kulikuwa na kijiwe kidogo, si kikubwa kuliko kiberiti, na pembeni mwake unga ulikuwa umejipenyeza ukachora mstari mwembamba mweupe. Mstari huo hata yeye aliuona.

"Kona ilivunjika akichonga," Baba akasema. "Hii jiwe yote ilikuwa imeisha. Mimi ningeitupa. Kijana akinivunjia kona, natupa jiwe, naanza ingine. Huyu hakutupa. Alitafuta kadogo, akakachonga kakaingia."

"Na ukuta haujaanguka?"

"Si unaona imesimama."

Nikamtafsiria Nélida, naye akamtafsiria shangazi yake. Mama Justina aligusa kile kijiwe kwa kidole, akasema amesukumia magunia yake pale tangu aolewe na hakuwahi kukiona.

Baba alikaa juu ya gunia. Alijisugua paji la uso mpaka nikadhani kichwa kimeanza kumuuma tena.

"Mimi naogopa hiyo kisu," akasema, hakunigeukia. "Jiwe ikivunjika niko na ingine. Jicho nimebaki na hii moja. Nilikuwa najiambia, mkono wa daktari ukiteleza, hapo imeisha, hakuna fundi wa kuziba."

"Sisi tulisema ni kichwa ngumu."

"Hiyo pia niko nayo." Akajipangusa unga usoni, akauongeza. "Mtu alikosea hapa, Mwaitu, na akarekebisha. Labda na daktari anajua kurekebisha. Pigia ndugu yako simu. Aambie huyo daktari nakuja."

Nilipiga simu kutoka pale pale ghalani. Nyumbani ilikuwa jioni. Kaka yangu aliuliza kama Baba ameona kuta, nikamwambia ameona moja, na kwamba hiyo moja imetosha. Mama Justina alitufungia mikate ya safari. Nélida alikataa kupokea chochote. Aliniambia tu kwamba kwa miaka yote ya kuongoza watalii, kila siku amewaeleza watu jinsi kuta hizo zilivyo kamilifu, na sasa hajui kesho atawaambia nini.

Tulirudi Katangi tukapokelewa kwa kelele za majirani. Baba aliwaeleza habari za ukuta wa duka la mikate kwa kirefu. Za Saksaywaman aliziruka, na mimi sikuzitaja.

Ninaandika haya miezi kadhaa baada ya upasuaji. Jicho la kushoto halikurudi, na hatukuahidiwa kwamba litarudi. La kulia limebaki na mwanga. Anatambua uso wa mtu akisogea karibu, na kusoma hawezi tena. Watu huniuliza nilijifunza nini kwa safari ndefu namna hiyo, wakitarajia niwaambie habari za Wainka. Nilijifunza kwamba baba yangu anaweza kuogopa. Miaka yote nimemsikia akikataa, akiamuru, akikemea, na sikuwahi kufikiri kwamba nyuma ya maneno hayo kunaweza kuwa na mtu mwenye hofu kama yangu.

Asubuhi ya upasuaji walimvalisha gauni la kijani na kumlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Muuguzi aliniambia nikasubiri kwenye mabenchi ya nje, kule kunakouzwa chai. Kitanda kilipofika mlangoni, Baba alitoa mkono chini ya shuka akautafuta wangu.

"Mwaitu," akasema, "usiende mbali."

Muuguzi alinionyesha tena mabenchi. Nikakaa chini sakafuni, hapo hapo mlangoni.