Pombe ya Mtama Ilivyochacha Tensta

Sikuwahi kuota kwenda Ulaya. Mimi ni fundi cherehani wa Bwiza, mjini Bujumbura, na safari zangu ndefu zilikuwa za kufuata vitenge Kigoma. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2011 wifi yangu Konsolata alinipigia simu kutoka Stockholm akilia. Binti yake Aline amepata mchumba, kijana anaitwa Bahati, Mkongomani wa Uvira. Baba yake Bahati amekubali, ila kaweka sharti moja: amsikie mtu wa upande wa baba akieleza msichana huyu katoka wapi. Kaka yangu Deo, baba yake Aline, aliuawa wakati wa vita, na Konsolata alikimbia na mtoto mgongoni. Upande wa Deo nimebaki peke yangu.

"Wifi, usipokuja," akasema, "watasema mwanangu ameokotwa njiani."

Kwetu Burundi maneno hayo husemwa na wanaume, tena hayaanzi kabla mtungi wa pombe ya mtama haujawekwa katikati na kuchomekwa mirija. Mwenye nyumba hunywa kwanza, wageni waone kuwa ni salama, kisha vichwa vya pande zote mbili huinama pamoja. Basi nikafungasha unga wa kimea cha mtama, mirija na vitenge viwili, nikaaga majirani.

Asubuhi ya safari niliketi dirishani. Ndege ilipoinuka nililiona Ziwa Tanganyika lote, na ng'ambo yake Uvira na milima yake, mahali ninapopatazama kila siku kutoka barazani kwangu na ambapo sijawahi kukanyaga. Wakati wa vita tuliogopa waliokuwa kule, nao walituogopa sisi. Ndege ikageukia mashariki. Chini yetu vilima vikafuatana bila kikomo, kila familia na kilima chake, nyumba katikati ya migomba, na juu kabisa weusi wa msitu wa Kibira. Nililia kidogo, naona aibu kusema, na mzungu wa pembeni akanipa kitambaa. Mungu ambariki.

Arlanda, uwanja wa ndege wa Stockholm, tulitua jioni. Ilikuwa Aprili na theluji ilikuwa bado haijaondoka pembeni mwa barabara. Aline alinikumbatia, mrefu, paji la uso la Deo kabisa. Waswidi wana neno lao la dada wa baba, faster, naye aliniita hivyo njia nzima. Mama yake alisema naye Kiswahili, yeye akajibu Kiswidi, na mimi katikati nikacheka tu. Niliona maji kila upande, visiwa na madaraja, nikamuuliza Mungu kwa nini wengine amewapa bahari yote hii na sisi hakutupa hata kipande.

Tensta, mtaa wa pembezoni mwa Stockholm, wanakaa ghorofa ya tatu. Kesho yake nilikoroga unga na maji ya moto kwenye ndoo kubwa, maana mtungi haukupatikana, nikaifunika. Siku ya pili nikafunua: kimya, bila hata povu moja. Jikoni kulikuwa na joto la watu, si joto la pombe. Nikazunguka jengo hadi chini, nikakuta chumba cha kukaushia nguo, moto kama Bujumbura mwezi wa tisa. Nikaiacha ndoo pale, nikapanda juu nikiimba. Hakuna aliyeniambia kwamba chumba kile kina zamu, kila nyumba na saa zake.

Jioni niliposhuka, ndoo haipo.

Nilipandwa na hasira, wasomaji wangu. Wageni wanakuja keshokutwa, unga umekwisha, nami nimevuka mabara niaibike kwa sababu ya mwizi wa pombe! Nikaanza kugonga milango, mmoja baada ya mwingine. Aline alinifuata mbio, akiona haya, akichanganya Kiswidi na Kiswahili.

"Faster, basi! Hapa hatugongi milango ya watu!"

"Kwa nini?"

"Hatuwajui!"

"Miaka yote hiyo?" Nikagonga mwingine.

Alifungua mzee mmoja Mswidi, jina lake Göran, kavaa soksi za sufu. Aline akaeleza kwa sauti ya chini. Mzee akatupungia mkono tuingie. Ndoo yangu ilikuwa bafuni kwake, imekaa juu ya sakafu ya joto, imefunikwa taulo safi, nayo inachemka na kunong'ona yenyewe.

Aline alinifasiria. Göran alikwenda kuanika shuka zake akasikia harufu. Chumba kile joto huzimwa usiku, akasema, na kitu hiki kingekufa. Mama yake huko kaskazini alikuwa akipika pombe ya shayiri, na kazi ya mtoto ilikuwa kuilinda isipate baridi. Hakujua ndoo ni ya nani, naye pia hapendi kugonga milango, basi akangoja mwenyewe atokee.

Nilimshika mikono yote miwili nikamshukuru kwa Kirundi, kwa sababu shukrani yangu ya kweli iko katika lugha hiyo. Kisha nikamwalika.

Jumamosi, ukumbi wa Skärholmen, mtaa mwingine wa Stockholm, ulijaa. Baba yake Bahati, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, alikaa mbele na wazee wake. Nilinywa kwanza, wakainama na mirija yao, Göran naye akapewa wa kwake. Kisha Baba Bahati akafuta mdomo.

"Mama, pombe ni muzuri. Sasa tuambie. Huyu mutoto alitoka wapi?"

Maneno ya wanaume nilikuwa nimeyakariri, yakaniruka yote. Nikafanya ninachokijua. Nilitandaza kitenge cha kijani mezani, nikakikunja mikunjo mingi.

"Hivi ni vilima vyetu. Hapa kusini ni Rutovu, kwa babu yake Aline. Pale kuna chemchemi ndogo, unaweza kuiziba kwa kiganja. Maji yake huingia Ruvubu, Ruvubu huingia Kagera, na mwisho wake ni mto Nile. Nchi yetu haina bahari, lakini bahari inakunywa kwetu." Vijana wakasogea. "Wafalme walitawala hapa kwa ngoma, alama ya ufalme wetu. Wakaja Wajerumani, wakaja Wabelgiji, ukaja uhuru. Wahutu, Watutsi na Watwa, kilima kimoja, lugha moja. Na bado tukauana. Deo alikufa hapa." Nikaweka kidole. "Alikuwa akimpeleka jirani hospitali. Huyu ni binti yake. Hakuokotwa."

Konsolata alikuwa akilia waziwazi. Nikatandaza kitenge cha buluu pembeni. "Na hili ni ziwa."

Baba Bahati akasimama. Akavua koti lake jeusi, akalikunja, akaliweka ng'ambo ya kitenge cha buluu.

"Na hii ni milima yetu," akasema. "Sisi batu ya Uvira tulikuwaka tunaona mataa yenu kila magaribi. Mama yangu yuko angali anayaona."

Aline aliinamia meza. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, "Shangazi, nyumba yako iko wapi hapo?" Nikamwonyesha. Akapima kwa vidole viwili hadi kwenye koti, akamchekea Bahati.

Nilirudi Bujumbura mwezi wa Mei, mirija imo begini. Niliwashukuru wote niliowaacha, na Göran zaidi, ambaye Aline ananiambia sasa anakunywa naye kahawa. Safari ilinifunza kwamba mlango wa jirani unaweza kukaa umefungwa miaka kwa sababu tu hakuna aliyegonga.

Nilipika pombe nyingine, na ilipochacha, Jumapili ya kwanza, nikapanda gari nayo kupitia mpaka wa Gatumba hadi Uvira. Haikuchukua hata asubuhi nzima. Nikauliza njia, nikabisha hodi kwa mama yake Baba Bahati. Akatoka bibi kizee wa umbo dogo, mkono juu ya macho kukinga jua.

"Karibu, mama. Umetoka mbali?"

Nikamwonyesha Bujumbura, pale ng'ambo ya maji.

"Natoka pale tu," nikamwambia. "Ila nimepitia Stockholm."