Nilijifanya Mhaya kanisani hapa Unguja, nikamuumiza bibi wa watu

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, sijasimuliwa, na sitajipamba.

Mimi ni mwanamke, Mkristo, mzaliwa wa Ng'ambo hapa Unguja. Nashona mapazia ya mahoteli. Babu alikuja toka bara kuchuma karafuu, akafa bila kumwambia baba sisi ni kabila gani.

Kwa hiyo mtaani mimi ni "mtu wa bara". Kanisani mimi ni "Mzanzibari".

Wazazi nshawazika, ndugu sina. (Wenye familia kubwa hamuwezi kujua Jumapili ilivyo ndefu.)

Kanisani kwetu ibada ikiisha watu wanajigawa uwanjani. Wachagga kule, Wasukuma huku, Wahaya pale. Kilugha na vicheko. Ukisogea unaulizwa, "Wewe kabila gani?" Ukisema hujui, wanatabasamu, wanarudi kwenye stori zao.

Nikachoka. Nikaokota salamu tatu za Kihaya YouTube, na siku nyingine nilipoulizwa nikajibu, "Mhaya."

Wakanipeleka kwa Bibi Koku, mjane aliyekuwa amekaa peke yake pembeni; kaletwa huku na mwanawe anayefanya kazi hotelini Kendwa. Nikamwamkia kwa zile salamu.

Wakuu, yule bibi alilia.

Akanishika mkono, akanikalisha kwenye benchi, akaongea Kihaya karibu nusu saa. Mimi naitikia kwa kichwa, natabasamu.

Halafu akaniuliza kitu. Akasubiri. Akauliza tena.

Akauachia mkono wangu taratibu, akainuka.

Miezi mitatu sikukanyaga kanisani. Jumapili nilikuwa nafua hata nguo safi, mradi saa ziende.

Jirani yangu Bi Mwanakhamis, Mtumbatu aliyehamia mjini toka kisiwani kwao Tumbatu, akanisimamisha mlangoni: "Mbona huendi kusali siku hizi? Umegombana na Mungu au na watu?"

"Na watu."

"Basi wende ukaombe radhi. Mie hapa mjini wananicheka nnavyosema. Ningejifungia, si ningeshaoza ndani?"

Jumapili nikaenda, nikamkuta kwenye benchi lile lile.

"Shikamoo, Bibi Koku. Mimi si Mhaya. Nilikudanganya."

"Marahaba. Kabila lako halinisumbui," akasema. "Siku ile nilikusimulia mume wangu alivyokufa. Sijamwambia mtu, hata mwanangu. Na wewe ulikuwa unatabasamu."

Nilishindwa kuinua uso. Nikasema, "Nisimulie tena, bibi. Kwa Kiswahili."

"Kwa Kiswahili sijui hata naanzia wapi."

Nikakaa naye mpaka uwanja ukabaki mtupu. Kisha akasema, "Alikuwa hapendi kuvaa viatu," akaendelea mpaka mwisho.

Wakuu, kundi bado sina, na Jumapili bado ni ndefu. Ila nimejifunza kwamba tunaimba pamoja kuwa sisi ni wa Baba mmoja, tukitoka nje tunagawana uwanja kwa lugha. Na mimi niliyeumizwa na mgawo huo nilitaka kuingia ndani yake kwa uongo, badala ya kumtafuta aliyekaa peke yake kama mimi.

Wewe unayesali ugenini, ibada ikiisha unasimama na nani? Nambieni, hata wa kunisema aseme. Nasoma zote.