Kabla Karata Tatu Hazijafunuliwa

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye alinifundisha poka. Nilikuwa nimeolewa juzijuzi. Alikuwa akitoka kuchuma chai kule kambi ya kampuni, anakaa jikoni kwangu, anagawa karata juu ya kreti la soda. Kila mtu anapata mbili za kuficha. Halafu, kabla karata tatu za katikati, za wote, hazijafunuliwa, mnawekeana dau. Sisi tuliwekeana maharagwe.

"Shemeji, ukiongeza kidogo hivyo umemkaribisha mtu chai," alikuwa akinicheka. "Mwenzako akiongeza, wewe ongeza juu yake mpaka tumbo limuume."

Alijua sana. Lakini akishaongeza, hakutupa karata na kujitoa hata siku moja. Ukimpandia dau, alisukuma maharagwe yake yote katikati kwa mgongo wa mkono, kama mtu anapangusa makombo. Hivyo ndivyo shamba lake la chai lilikwenda alipocheza na wanaume wenzake, kwa mara moja, karata tatu bado zimelala. Alihamia Kedowa. Alirudi kwa jeneza.

Mwaka huohuo nikamzaa kitinda mimba wangu. Kwetu, mtoto akizaliwa, akina mama humwitia majina ya waliokufa, na lile analopigia chafya, mwenyewe ndiye amerudi. Waliita babu, akanyamaza. Waliita wengine, akanyamaza. Mama mkwe akamtaja shemeji. Mtoto akapiga chafya. Wakashangilia. Mimi sikushangilia.

Niliokoka, na kanisani hayo hatuyataji. Hadithi ya shamba pia tuliificha. Mtoto huyo amekuwa mwanamume bila kujua.

Mwaka jana, Jumapili moja, mvua ilimfungia nyumbani pamoja na rafiki yake wa kiwandani, kijana wa kutoka upande wa ziwa. Nikawasikia sebuleni. Nikachungulia. Karata na maharagwe yangu yalikuwa mezani, na mwanangu alikuwa akisukuma yake kwa mgongo wa mkono.

Hakuna mtu alimfundisha hivyo.

"Jumamosi anaenda kucheza kule Litein, mama," rafiki akasema. "Ataweka dau yule mtamba wake."

Mtamba yule ana mimba. Ndiye ng'ombe wake wa pekee.

Nikavuta kiti. "Nigawie."

"Mama! Mchungaji akisikia?" mwanangu akasema.

"Mchungaji hali maharagwe yangu. Gawa."

Rafiki akaweka mawili. Mwanangu akaongeza, sita. Mimi nilikuwa na nane na tatu, takataka. Lakini sikuwa nacheza karata zangu. Nilitaka kuona kama mkono ule unajua kurudi nyuma. Nikiweka kumi angelipa tu bila kufikiri. Nikiweka yote angedhani ni utani wa mwanamke mzee. Nikahesabu ishirini, polepole, nikayaweka mbele yake.

Rafiki akatupa zake mara moja. "Mama ana kitu. Mimi simo."

Mwanangu akaangalia maharagwe. Akaangalia uso wangu. Mkono ukapanda, mgongo wake ukagusa rundo lake lote, ukakaa hapo. Mvua ilikuwa inapiga mabati na bado niliweza kusikia akipumua kwa pua, vile yule alikuwa akipumua jikoni kwangu. Nikaomba kimya. Sijui niliomba kwa nani.

Mkono ukarudi. Akafunua karata zake, akazitupa: malkia wawili.

"Wewe ni mwendawazimu?" rafiki akapiga kelele. "Nani anatupa malkia wawili?"

Mwanangu hakumsikia. Alikuwa ananiangalia kwa upole, kama mtu wa zamani.

"Leo umenishika, shemeji."

Rafiki akacheka mpaka akakohoa. "Shemeji! Mama yako amekuwa shemeji!" Mwanangu akashtuka, akapangusa uso, akasema ulimi umeteleza. Mimi nilikusanya maharagwe, nikaenda kuyachemsha, na sikuweza kuyala.

Jumamosi asubuhi nikamwona akifungua kamba ya mtamba. Nikatoka bila viatu.

"Unampeleka wapi?"

"Kwa dipu, mama, akaoge dawa. Ana kupe."

Njia ya dipu na ya Litein ni moja mpaka pale kwa banda la kununulia majani chai. Nikasimama langoni, matope yakiniingia vidoleni, nikamwangalia mpaka akafika pale. Akasimama kidogo. Halafu akamvuta mtamba upande wa dipu.